Shajara ya mradi: chota (kifaa changu cha kusoma saraka zilizotumbukizana), na njia zilizozidi PATH_MAX (kikomo cha urefu wa njia ya faili)

Jumatatu

Nimeletewa diski ya ofisi moja. Skripti yao ya bakapu imekuwa ikifanya kazi kila usiku kwa karibu miaka minne, na mhasibu anatafuta mafaili ya mwaka wa kwanza ambayo yalishafutwa kwenye folda ya kawaida. Anaamini yamo kwenye bakapu. Fundi aliyekuwepo kabla yangu alimwambia hayamo, akamwonyesha na ripoti.

Skripti yenyewe ni fupi. Kila usiku inatengeneza saraka (folda) mpya, inamimina humo nyaraka za siku hiyo kwa rsync (programu ya kunakili mafaili), kisha inaichukua nakala ya jana na kuitumbukiza ndani ya ile mpya kwa jina la `nakala_iliyotangulia`. Kesho yake hivyo hivyo. Ya jana imo ndani ya ya leo, ya juzi imo ndani ya ya jana, na usiku wa kwanza kabisa uko chini ya ngazi zaidi ya 1,300.

Wengi watauliza: kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilikubalije? Si kuna kikomo cha njia? Kipo. Kwenye Linux PATH_MAX ni 4096, ikihesabiwa pamoja na baiti ya sifuri inayofunga stringi (mfuatano wa herufi). Lakini kinachopimwa ni stringi unayoikabidhi kerneli kwenye wito mmoja wa mfumo, yaani ombi moja la programu kwa kerneli. Kina cha mti hakipimwi popote. Skripti hii haijawahi kutamka njia ndefu hata siku moja: `mv` yake, amri ya kuhamisha, ilitaja majina mawili mafupi, na rename() inahamisha saraka pamoja na vyote vilivyomo bila kuuliza chini yake kuna ngazi ngapi. Mti umeongezeka ngazi moja kila usiku, kutokea juu, kimyakimya.

Jina `nakala_iliyotangulia` lina baiti 20, na pamoja na mkwaju wake (/) ni 21. Kwa kasi hiyo njia kamili inavuka kikomo baada ya miezi sita na ushee. Kuanzia hapo kila kilicho chini zaidi kipo kwenye diski, kina ruhusa zote, lakini ukikitaja kwa njia kamili unajibiwa ENAMETOOLONG, yaani jina ni refu mno.

Jumatatu, jioni

Nimesoma programu iliyotoa ile ripoti. Ni kodi ya lugha ya C, ya kawaida kabisa, ya aina ambayo imejaa kila mahali:

    char njia[PATH_MAX];
    snprintf(njia, sizeof njia, "%s/%s", mzazi, d->d_name);
    DIR *dir = opendir(njia);
    if (!dir)
        return;

Thamani inayorudishwa na snprintf, inayounganisha majina kuwa njia moja, haiangaliwi. Stringi ikizidi, inakatwa ikabaki baiti 4095, na kazi inaendelea kama kawaida. Mara nyingi jina lililokatwa halipo, opendir (inayofungua saraka) inashindwa, tawi lile linarukwa. Hapa mambo yamekuwa mabaya zaidi kwa sababu ya hesabu tu. Diski iliwekwa kwenye `/mnt/ya_zamani`, kwa hiyo mwanzo wa njia ni `/mnt/ya_zamani/nakala`, baiti 21. Kila ngazi nayo ni 21. Na 21 mara 195 ni 4095 kamili.

Maana yake stringi inakatika penyewe mwishoni mwa jina, si katikati. Programu ikiwa ngazi ya 194 inaunda njia ya ngazi ya 195, snprintf inakata kipande chote kilichoongezwa, na kinachobaki ni njia halali ya ngazi ya 194. opendir inafanikiwa. Programu inadhani imeshuka, kumbe imefungua saraka ileile. Inasoma upya, inashuka tena, inajikuta palepale. Haikwami milele kwa kuwa kila safari inashika fd moja (namba ya faili au saraka iliyo wazi), na kikomo laini cha idadi ya fd (RLIMIT_NOFILE) kwenye mashine ile ni 1024 kama mashine nyingi. Zikiisha, opendir inarudisha NULL, `return`, na programu inapanda juu taratibu hadi mwisho. Hakuna ujumbe wa kosa. Ripoti ina ngazi ya 194 iliyoorodheshwa zaidi ya mara mia nane, na chini ya hapo hakuna kitu. Ukiisoma harakaharaka unaona orodha ndefu ya kutosha, na faili kongwe zaidi humo lina umri wa miezi sita hivi. Mhasibu ameambiwa hakuna.

Jumanne

Njia ya mkato ipo na lazima niitaje, maana msomaji makini ameshaiona. Mti huu unaweza kukunjuliwa kwa amri za shell peke yake: unahamisha `nakala/nakala_iliyotangulia` uiite `usiku_2`, kisha `usiku_2/nakala_iliyotangulia` uiite `usiku_3`, na kuendelea. Majina mafupi yaliyoujenga ndiyo yatakayoubomoa. Ningefanya hivyo na kwenda zangu, ila diski imefungwa kwa kusomwa tu. Mkaguzi wa hesabu hajamaliza, na hakuna ruhusa ya kugusa hata tarehe ya saraka.

find ya GNU, amri ya kutafuta mafaili, inashuka hadi chini bila shida, kwani haitegemei njia kamili. Tatizo linakuja unapoipa programu nyingine njia hiyo: `-exec sha256sum {}` inakwama kwenye ENAMETOOLONG, kwa kuwa sha256sum, inayokokotoa hashi (alama ya kutambulisha yaliyomo kwenye faili), inapokea stringi nzima na kuiita open(). `-execdir` inasaidia, kwani inaingia kwanza ndani ya saraka husika na kutaja jina la mwisho tu. Kwa mti mmoja ningemaliza na hiyo. Lakini nataka pia kutambua mafaili yanayojirudia na kutoa ripoti inayosomeka, kwa hiyo naandika kifaa. Kitaitwa chota.

Jumanne, usiku

Uamuzi wa msingi: ndani ya chota hakuna stringi ya njia inayokwenda kwa kerneli. Badala ya kubeba anwani, tunabeba saraka yenyewe ikiwa imefunguliwa, na kila kitu kinaombwa kwa jina moja kutokea hapo. Miito hii, openat, fstatat, mkdirat, unlinkat na wenzao, iliingia Linux kwenye 2.6.16 mwaka 2006, na POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ikaipokea rasmi katika toleo la 2008. Haihitaji maktaba ya ziada wala mbwembwe.

    int fd = openat(fd_mzazi, jina,
                    O_RDONLY | O_DIRECTORY | O_NOFOLLOW | O_CLOEXEC);

Jina haliwezi kuzidi NAME_MAX, yaani baiti 255, kwa hiyo ENAMETOOLONG haiwezi kutokea hapa kamwe. O_NOFOLLOW inazuia kuingia kwenye simlinki, yaani faili linaloelekeza kwenye njia nyingine. Bila hiyo, simlinki moja inayoelekeza juu ingetuzungusha bila kikomo, au mtu angeweza kuibadilisha saraka kuwa simlinki katikati ya kazi na kututoa nje ya mti. Si hofu ya kubuni. Januari 2022 maktaba ya kawaida ya lugha ya Rust ilitangaza kasoro ya aina hii kwenye remove_dir_all, inayofuta saraka na vyote vilivyomo: ilikuwa inakagua kwanza kama ni simlinki, halafu ndipo inafuta, na kati ya hatua hizo mbili palikuwa na mwanya.

Kuhusu fdopendir, inayogeuza fd kuwa saraka ya kusomwa, neno moja: ukishaipa fd, fd hiyo si yako tena, closedir ndiyo itakayoifunga. Ukitaka kubaki na yako usitumie dup(), kwani nakala ya dup inashiriki mahali pa kusoma na ile ya kwanza. Fungua upya kwa `openat(fd, ".", ...)`.

Jumatano

Sasa fd zenyewe. Mtembezi wa kawaida anafungua saraka, anashuka, anafungua nyingine, huku za juu zikibaki wazi zikimsubiri. Ngazi 1,300 na kikomo cha 1024: haifiki. Unaweza kupandisha kikomo kwa setrlimit, na kwenye mifumo ya systemd (programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux) ya tangu toleo la 240 kikomo kigumu ni zaidi ya laki tano, kwa hiyo hapa ingetosha. Siitaki njia hiyo. Inahamisha ukuta tu, na kesho atatokea mwenye ngazi milioni.

Tatizo hili lina jina kwenye usalama. Tarehe 20 Julai 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys walitangaza kasoro CVE-2021-33909, waliyoipa jina Sequoia. Walijenga saraka zipatazo milioni moja zilizotumbukizana, urefu wa njia ukapita gigabaiti moja, wakaifanyia mount (kuiunganisha kwenye mfumo wa mafaili), wakaifuta, kisha wakasoma `/proc/self/mountinfo`. Ndani ya kerneli urefu ule uliokuwa size_t (namba isiyo na hasi) ulipitishwa kwenye int (namba ndogo zaidi yenye hasi), ukageuka hasi, na mtumiaji wa kawaida akatoka na mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Siku hiyohiyo ikatangazwa na ya pili, CVE-2021-33910: systemd ilikuwa inanakili njia ya mount kwenye staki (kumbukumbu ya muda ya programu). Njia ikizidi ukubwa wa staki, ambao kwa kawaida ni megabaiti 8, inaanguka systemd yenyewe, yaani mchakato namba 1, na mashine nzima inakwenda nayo.

Nilipiga hesabu ya aina hiyo kwa ile programu ya kwanza. Inajiita yenyewe kila ngazi, na kila mara inaweka `char njia[4096]` kwenye staki. Megabaiti 8 gawanya kwa 4096 ni 2,048, hata kabla ya kuhesabu vitu vingine. Kwa hiyo hata ukiipa fd zisizo na mwisho, itakufa kabla ya ngazi ya elfu mbili na kitu. Chota haijiiti yenyewe. Ina safu ya ngazi inayokua kwa realloc, na fd moja tu ya saraka iliyo wazi, ile tuliyomo.

Jumatano, bado

Fd ikiwa moja, unarudije juu? Kwa `".."`, jina linalomaanisha saraka mzazi. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine kokote.

`openat(fd, "..")` inakupa mzazi wa sasa, si mzazi uliyetoka kwake. Mtu akiihamisha saraka wakati tupo ndani, `..` itatupeleka ugenini, nasi tutaendelea kutembea kwenye mti wa watu kwa ujasiri wote. Kwa kifaa cha kusoma ni aibu. Kwa kifaa cha kufuta ni msiba. Dawa yake ni ya zamani na ni rahisi: kabla ya kushuka, andika namba ya kifaa na ya inodi (kitambulisho cha ndani) ya saraka unayoiacha. Ukirudi, linganisha.

    static int panda(const struct ngazi *juu, int fd)
    {
        struct stat s;
        int f = openat(fd, "..", O_RDONLY | O_DIRECTORY | O_CLOEXEC);
        if (f < 0)
            return -1;
        if (fstat(f, &s) < 0 ||
            s.st_dev != juu->dev || s.st_ino != juu->ino) {
            close(f);
            errno = ESTALE;
            return -1;
        }
        close(fd);
        return f;
    }

Namba zisipolingana, chota inasimama na kusema wazi imesimama wapi. Haijaribu kubahatisha. Kwenye diski iliyofungwa kwa kusomwa tu jambo hili haliwezi kutokea, lakini kifaa hakitaishia kwenye diski hii.

Kuna la pili. Tukirudi kwa mzazi tumeifungua upya, kwa hiyo usomaji wa readdir unaanza mwanzo. telldir na seekdir hazitufai, kwani alama inayotolewa na telldir ina maana kwenye usomaji uleule uliofunguliwa, na sisi tulishaufunga. Nimeamua hivi: tukiingia kwenye saraka tunaisoma yote mara moja. Mafaili yanashughulikiwa hapohapo, majina ya saraka ndogo yanawekwa kwenye orodha ya ngazi hiyo, kisha tunafunga. Baada ya hapo ni kuchukua jina linalofuata kwenye orodha na kushuka. Gharama ni kumbukumbu kwa saraka yenye watoto wengi mno, na nimeikubali.

Alhamisi

Njia kama stringi haijafa kabisa. Binadamu wanaitaka kwenye ripoti. Nimeiweka kwenye bafa inayokua, ikiongezwa jina tukishuka na kupunguzwa tukipanda, na imeandikwa juu yake kwa maoni ya herufi kubwa kwamba ni ya kuchapishwa tu.

Kuichapisha nako kuna lake. Faili la ngazi ya 1,312 lina njia ya baiti zaidi ya 27,000, na karibu zote ni neno lilelile. Nilimtumia mhasibu ukurasa mmoja wa majaribio, akajibu: “Kaka, mimi nataka kujua faili lipo au halipo, hayo mengine ya nini?” Haki yake. Sasa majina yanayofuatana yakifanana yanakunjwa:

    nakala/nakala_iliyotangulia ×1312/mahesabu/robo_ya_pili.xls

Jina la faili kwenye Linux linaweza kuwa na baiti yoyote isipokuwa mkwaju na sifuri, hata mstari mpya, kwa hiyo herufi za ajabu zinaandikwa kwa namba zake. Vinginevyo faili moja lenye mstari mpya kwenye jina linaonekana kama mawili.

Alhamisi, mchana

Mafaili yanayojirudia yamekuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Skripti ilitumia rsync na `--link-dest`, kwa hiyo faili ambalo halikubadilika halikunakiliwa upya, liliunganishwa kwa hadilinki, yaani jina jingine la faili lilelile. Ngazi mia tano zina majina mia tano ya inodi moja. Sina haja ya kukokotoa hashi: jozi ya st_dev na st_ino (namba ya kifaa na ya inodi) inatosha kujua hili tumeshalichukua. Na faili ambalo st_nlink yake (idadi ya majina yake) ni 1 haliingii hata kwenye jedwali, haliwezi kutokea tena. Kwa kuwa tunaanza juu, jina linalobaki ni la usiku wa karibuni kabisa ambao faili lilikuwepo. Ndilo analotaka mhasibu.

Kabla ya kufungua chochote kwa kunakili, fstatat yenye AT_SYMLINK_NOFOLLOW inathibitisha kuwa ni faili la kawaida. Ukifungua bomba lenye jina kwa kusoma na hakuna anayeandika upande wa pili, programu inakaa kimya hapo mpaka asubuhi.

Upande wa kutolea: mafaili yanakwenda kwenye mashine za Windows za ofisi, na huko programu nyingi bado zinaishi ndani ya MAX_PATH ya herufi 260. Windows 10 tangu toleo la 1607 inaruhusu kuondoa kikomo hicho, ila lazima kiswichi kiwashwe kwenye rejista na programu yenyewe itamke kuwa iko tayari. Sitegemei hilo. Waliotumia npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript) kabla ya toleo la 3 la mwaka 2015 wanakumbuka folda za node_modules zilizotumbukizana hadi Windows ikashindwa kuzifuta. Chota inatoa `u1312\mahesabu\...` na basi.

Ijumaa

Majaribio. Mti wa kujaribia unajengwa kwa mkdirat na openat kwenye kitanzi, ngazi 20,000. Kushuka na kupanda kunakwenda vizuri, fd ya saraka inabaki moja muda wote. Nimehakikisha kwa kushusha kikomo kwa `ulimit -n 16` kabla ya kuanza.

Ukingo wa kikomo nimeujaribu upande wa open() ya kawaida, ili niwe na uhakika ninachokiepuka ndicho. Majina 16 yenye baiti 255 kila moja, pamoja na mikwaju 15 katikati, ni baiti 4095, na sifuri ya mwisho inafanya 4096. Inafunguka. Weka mkwaju mmoja mwanzoni, iwe njia kamili, inakataa. Na 255 ni baiti, si herufi. Mswahili anayeandika kwa herufi za Kilatini hatagundua tofauti, lakini anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anatumia baiti mbili kwa kila herufi kwenye UTF-8, kwa hiyo jina lake linaishia herufi 127. Nimeweka jaribio la hilo pia, na lingine la emoji, baiti nne kila moja, 63 tu.

Kwingineko: kwenye macOS PATH_MAX ni 1024, na Hurd, kerneli ya GNU, haina PATH_MAX kabisa, kodi inayoitaja haikompailiki. Chota haiitaji popote, kwa hiyo sijalazimika kuandika hata `#ifdef` moja ya kutofautisha mifumo. Nimejaribu pia openat2 ya Linux 5.6 yenye RESOLVE_BENEATH, inayokataza njia kutoka nje ya saraka uliyoanzia. Ni nzuri unapopokea njia nzima kutoka kwa mtu usiyemwamini. Mimi natembea jina moja moja, sikuona inaniongezea nini, na ingeniondolea mifumo mingine. Nimeitoa.

Jumamosi

Imepita kwenye diski halisi. Mafaili ya mwaka wa kwanza yamo, ngazi za 1,200 kwenda chini, yanasomeka. Mhasibu ameyapokea na amethibitisha yaliyo ya muhimu.

Yaliyobaki: saraka kadhaa za katikati zilikuwa na ruhusa ya kusoma bila ruhusa ya kupita, ile x. Majina unayaona, lakini kila fstatat ndani yake inajibiwa EACCES, yaani huna ruhusa. Kwa sasa chota inaziandika kwenye ripoti na kusonga mbele, kisha inatoka na msimbo wa 0 kana kwamba kila kitu ni sawa. Hilo halikubaliki, hasa baada ya kisa cha ile ripoti ya kwanza. Toleo lijalo: 0 ikiwa mti wote umesomwa, 1 ikiwa kuna tawi lililorukwa, 2 ikiwa imesimama njiani, na idadi ya matawi yaliyorukwa iandikwe mstari wa juu kabisa wa ripoti.